Namna ya kupanga na kuendesha shughuli za msimu katika maktaba ya jamii

Shughuli nyingi za maktaba hukosa watu kwa sababu moja tu: tarehe ilipangwa kwa kutazama nafasi ya wahudumu, nafasi ya wasomaji haikutazamwa. Mafunzo ya kompyuta yanawekwa wiki ya mitihani, saa ya hadithi inawekwa wakati wazazi wako kazini, maonyesho ya vitabu yanaangukia siku ambazo kila mwenye jembe yuko shambani. Bango liwe zuri vipi, haliokoi tarehe mbaya. Kwa hiyo tunaanza na kalenda. Baada ya hapo tutakaa sana kwenye programu ya kusoma wakati wa likizo, maana ndiyo inayoleta wanachama wapya wengi na ndiyo inayoharibika kwa makosa madogo madogo.

## Kalenda kwanza

Chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, kila mwezi uugawe kwa wiki. Kwa kalamu nyekundu andika yale ambayo maktaba haina uwezo nayo: kufungua na kufunga shule, mitihani, majira ya mvua, wakati wa kulima na wa kuvuna, miezi ya mfungo, sikukuu, na saa ambayo giza linaingia kama wasomaji wako hurudi nyumbani kwa miguu. Karatasi ya mwaka jana usiinakili. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya kawaida, na Pasaka ya makanisa ya Magharibi huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Programu iliyojaza ukumbi mwaka jana inaweza kugongana na mambo hayo mwaka huu, na hakuna atakayegundua mpaka viti viwe vitupu.

Kwa kalamu ya bluu andika siku za kimataifa zinazohusu kusoma. Zinazoifaa maktaba si nyingi: 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, 2 Aprili, siku ya vitabu vya watoto, 23 Aprili, siku ya vitabu na hakimiliki, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na 8 Septemba, siku ya kisomo, inayoadhimishwa tangu 1967. Usizikimbilie zote. Chagua moja au mbili zinazoangukia mahali peupe kwenye karatasi yako, na ikiwa siku yenyewe ni ya kazi, isogeze shughuli hadi Jumamosi ya karibu. Hakuna atakayelalamika.

Sehemu zilizobaki nyeupe ndizo zako. Maktaba yenye wahudumu wawili au watatu inamudu shughuli kubwa tatu kwa mwaka, na nne ni za kujikaza. Zaidi ya hapo, kazi ya kawaida ya kuazimisha na kupanga rafu inaanza kulegea, na msomaji wa kila siku ndiye anayelipa gharama ya tamasha.

## Kuhesabu kurudi nyuma

Ukishapata tarehe, hesabu kutoka siku hiyo kurudi nyuma:

- Wiki 12 kabla: amua shughuli ni ya nani (umri na idadi) na ni kitu gani kitakuonyesha kwamba imefaulu. Tenga bajeti na uweke asilimia 10 pembeni kama akiba.
- Wiki 10: omba ukumbi, wasiliana na wageni wa kualikwa, hesabu viti na meza kwa mkono.
- Wiki 8: peleka barua shuleni; omba vibali vyote.
- Wiki 6: kagua na kukarabati vitabu, peleka kadi na vipeperushi kwa mchapaji.
- Wiki 4: tangaza na fungua uandikishaji.
- Wiki 2: wafunze wanaojitolea, jaribu projekta, spika na intaneti.
- Siku 2: tuma ujumbe au piga simu kwa waliojiandikisha.

Barua ya shule inatangulia tangazo kwa mwezi mzima kwa sababu ina safari ndefu: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mtoto, mzazi. Kila kituo kinakula siku kadhaa, na kituo cha mtoto ndicho kinachopoteza karatasi. Ukiweza, mpe mwalimu wa darasa maneno matatu au manne ya kuwaandikia watoto daftarini badala ya kipeperushi. Tangazo la jumla lisitoke mapema kuliko wiki nne, maana watu watalisahau. Likichelewa hadi wiki ya mwisho, familia zimeshajipangia mambo yao.

Projekta ijaribiwe katika chumba kilekile na saa ileile ya shughuli. Picha inayoonekana vizuri jioni hupotea kabisa saa nne asubuhi jua likiingia dirishani. Na kama unataka kuonyesha filamu, kumbuka kwamba kununua diski au kulipia huduma ya kutazama nyumbani hakukupi ruhusa ya kuionyesha hadharani, hata kama hakuna kiingilio. Ruhusa hiyo huombwa kwa mwenye haki au wakala wake, na majibu huchukua wiki kadhaa. Hiyo ndiyo sababu vibali viko kwenye wiki ya 8.

Shughuli ya bure hupata majina mengi kuliko watu. Kwa nafasi 30 za mazungumzo na mwandishi, andikisha watu 40, uwe na mikeka ya ziada endapo wote watatokea. Kanuni hiyo usiitumie kwenye mafunzo ambayo kila mtu lazima awe na kompyuta yake. Huko andikisha idadi ya mashine zinazofanya kazi ukitoa moja, kwa kuwa moja itagoma siku hiyo, na uwe na orodha ya wanaosubiri.

## Programu ya kusoma wakati wa likizo

Lengo ni kumfanya mtoto aendelee kusoma wakati shule zimefungwa. Uamuzi wa kwanza, na mgumu kuliko yote, ni nini kitahesabiwa.

Ukihesabu vitabu, watoto watachukua vyembamba kabisa kwenye rafu, na yule anayesoma pole pole ataona jina lake liko mkiani tangu wiki ya kwanza. Ukihesabu kurasa, tatizo ni lilelile, limevaa nguo nyingine. Dakika zina haki zaidi, ila zinahitaji mzazi mwenye saa na mwenye subira, na zinamfundisha mtoto kukisia. Kwa maktaba ndogo tunapendekeza kuhesabu siku: kila siku aliyosoma au kusomewa kwa angalau dakika 15, anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Basi. Asiposoma leo hana deni, na akisoma saa nzima hapati visanduku viwili.

Likizo ya wiki 6 ina siku 42. Usichore visanduku 42. Chora 30. Siku 12 zinazobaki ni za safari, ugonjwa, wageni na uvivu wa kawaida. Lengo la kusoma kila siku huvunjika mara ya kwanza mtoto anapokosa, na akishaona limevunjika haoni sababu ya kuendelea. Likizo ikiwa ya wiki 4, visanduku 20 vinatosha.

Kadi iwe nusu ya karatasi ya A4 kwenye karatasi nzito, gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, maana itakunjwa, itamwagiwa chai na kulaliwa. Upande mmoja visanduku, upande wa pili jina, namba ya kadi ya maktaba na kanuni zisizozidi nne. Chapisha asilimia 20 zaidi ya idadi unayotarajia. Zitakazopotea ni nyingi, na mtoto aliyepoteza kadi ndiye aliye karibu kuacha programu. Ili asianze upya, weka daftari dawatini: kila anapokuja, mhudumu anaandika tarehe na idadi ya visanduku alivyofikisha. Kadi ikipotea, unampa nyingine, unagonga muhuri kwenye visanduku vilivyoandikwa daftarini, na anaendelea.

Kanuni za kadi ziwe na mlango mpana. Kurudia kitabu kilekile kunahesabika. Vitabu vya katuni vinahesabika. Kusomewa kunahesabika kwa walio chini ya miaka 7 na kwa yeyote anayepata shida kusoma. Kitabu cha kusikiliza kinahesabika, na lugha yoyote inahesabika. Watu wazima hupenda kubishana juu ya katuni. Wasikilize kwa heshima, kanuni usiibadilishe.

### Zawadi

Hapa ndipo programu nyingi zinapojikwaa. Zawadi kubwa kwa aliyesoma kuliko wote inaonekana kama motisha, lakini kazi yake halisi ni kuwaondoa wengine. Ifikapo wiki ya pili kila mtoto anajua nani atashinda, na wasioweza kumfikia wanaacha. Inaleta pia kadi za uongo, na mhudumu anajikuta amekuwa hakimu. Toa zawadi ndogo, sawa kwa wote, kwa hatua.

Hatua ya kwanza iwe karibu sana: kisanduku cha 5. Wanaoacha huacha siku za mwanzo, kwa hiyo stika au kialamisho cha kitabu kinachotolewa katika wiki ya kwanza kina faida kuliko kitu kikubwa cha mwisho. Kisha kisanduku cha 15 na cha 30. Mwishoni mpe kitabu cha kubaki nacho, achague mwenyewe katika meza yenye vitabu visivyopungua mara moja na nusu ya idadi ya watoto, ili wa mwisho naye awe na kuchagua. Katika bajeti, nusu iende kwenye vitabu (vya kuazima na vya kubaki navyo), na vikorokoro vya zawadi visizidi sehemu moja ya kumi. Ukitaka msisimko, fanya bahati nasibu ambayo kila kadi iliyokamilika ni tiketi moja.

### Je, vitabu vinatosha?

Piga hesabu kabla ya kutangaza. Watoto 80, kila mmoja akichukua vitabu 2, vitabu 160 viko nje kwa wakati mmoja. Rafu nayo lazima ibaki na cha kuchagua, angalau idadi nyingine kama hiyo. Unahitaji basi vitabu 320 vya watoto vilivyo katika hali nzuri. Kama unavyo 200, usiwakatae watoto: azimisha kimoja kimoja, fupisha muda wa kuazima uwe siku 7, na fungua meza ya kusomea ndani.

Jumla hiyo hudanganya kidogo. Upungufu huanzia mahali pamoja, nao ni vitabu vya wanaoanza kusoma. Ni vyembamba, vinamalizwa siku moja, na vinarudi vimechanika. Hakikisha robo ya vitabu vyako ni vya kiwango hicho, hata kama itabidi kukopa boksi moja kutoka maktaba jirani.

Ukarabati ufanyike wiki ya 6. Mgongo uliolegea unapakwa gundi nyeupe ya PVA kwa brashi nyembamba, unawekewa karatasi ya nta pande zote mbili isigande, kisha kitabu kinawekewa uzito usiku kucha. Ukurasa uliochanika unahitaji utepe wa kukarabatia vitabu. Selotepu ya kawaida usiiguse: gundi yake hugeuka njano, hunyonywa na karatasi, na baada ya miaka michache utepe unadondoka na kuacha doa lisilotoka.

Jambo la mwisho kuhusu vitabu: simamisha faini za kuchelewesha kwa kipindi chote cha programu, na watangazie wenye faini za zamani kwamba zimefutwa wakirudisha vitabu. Mtoto mwenye faini haji, hakirudishi kitabu, na mdogo wake naye haji.

## Saa ya hadithi, dakika 30

Programu ya likizo inahitaji siku moja ya wiki isiyobadilika, saa ileile, ambayo watoto wanakutana. Kwa wenye umri wa miaka 3 hadi 5, mpangilio huu hufanya kazi:

Dakika 3 za wimbo wa kukaribishana, uleule kila wiki. Wimbo huu una kazi nyingine: unawameza waliochelewa bila kukatiza hadithi. Dakika 7 za kitabu kirefu. Kinatangulia kwa kuwa usikivu ndio kwanza mbichi. Wengi hukiweka mwisho kama kilele na kujikuta wanasomea migongo ya watoto. Dakika 3 za kusimama, kuruka na kunyoosha mikono. Dakika 5 za kitabu kifupi chenye maneno ya kujirudia ili wote waitikie. Dakika 3 za vitendawili. Dakika 9 za kuchora au kukata na kubandika.

Ukisimulia bila kitabu, anza kwa “Paukwa!” na usubiri “Pakawa!” iwe ya chumba kizima. Ikiwa hafifu, rudia. Ni njia ya haraka ya kukusanya masikio ishirini bila kumkemea mtu.

Chagua kitabu ambacho picha zake zinaonekana kutoka mita 3, chenye mistari miwili au mitatu kwa ukurasa. Kisome kwa sauti mara mbili siku moja kabla, kwani sentensi zinazoukwaza ulimi hazijitokezi ukisoma kimya. Wakati wa kusoma, kishike pembeni ya bega, kurasa zikiwaelekea watoto, na ufunue kutoka kona ya chini ili mkono usifunike picha.

Kundi lisizidi watoto 20 kwa watu wazima wawili. Wakizidi, fanya vipindi viwili mfululizo. Wazazi wakae mkekani na watoto wao, kwa sababu wakisimama nyuma wataanza kuongea, na sauti ya watu wazima wanaoongea nyuma ya chumba huua hadithi yoyote.

Kwa kazi ya mikono ya watoto 20, andaa mikasi 10 yenye ncha butu, gundi kwenye vifuniko vidogo 5 (kimoja kwa watoto wanne), karatasi 25, na matambara mawili yenye unyevu. Kwa walio chini ya miaka 4, kata maumbo mwenyewe mapema. Shanga, vifungo na punje za maharage visiwepo mahali penye watoto chini ya miaka 3: vinaingia mdomoni na vinaweza kukaba koo.

### Ulinzi wa watoto

Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, awe mhudumu, mgeni au anayejitolea. Daima wawe wawili, au mlango wazi na watu wanaona. Weka umri wa chini wa mtoto kuachwa bila mzazi na uuandike kwenye bango, si mlangoni siku ya tukio. Fomu ya kujiandikisha iwe na namba ya simu ya mzazi na jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na anayemchukua aweke sahihi.

Idhini ya picha iwe swali tofauti kwenye fomu, lenye “ndiyo” na “hapana”. Siku ya shughuli, kila mtoto apate stika ya jina, ya rangi moja kwa walioruhusiwa na rangi nyingine kwa wasioruhusiwa. Mpiga picha anajua kwa kutazama tu, na hakuna mtoto anayejiona ametengwa, kwa kuwa wote wana stika.

## Msimu wa mitihani

Huu ni msimu wa kufanya machache. Wanafunzi hawahitaji tamasha. Wanahitaji kiti, mwanga, umeme na kimya. Ongeza saa mbili jioni, ondoa maonyesho yanayokula nafasi, na saa ya hadithi ihamie barazani au isimamishwe kwa wiki hizo.

Kipimo cha mwanga kinachotumika sana kwa meza za kusomea ni laksi 500. Programu za simu za kupima mwanga si sahihi sana, lakini zinatosha kukuonyesha meza ipi iko gizani. Kabla ya kununua taa mpya, futa vumbi kwenye zilizopo. Kuhusu umeme, usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine: mzigo wote unapita kwenye waya wa kwanza, nao ndio unaopata moto. Kompyuta mpakato chache na simu hazina shida kwenye ekstensheni moja nzuri. Birika la umeme la wahudumu likae mbali kabisa.

Ugomvi mkubwa utakuwa juu ya viti vilivyowekewa mabegi. Tangaza kanuni siku ya kwanza: kiti kisicho na mtu kwa dakika 30 kinatolewa, begi linapelekwa dawatini. Itekeleze kwa wote bila kuangalia sura. Mitihani ya miaka iliyopita iwe na nakala tatu za kila karatasi, za kusomea ndani tu, la sivyo zitatoweka kabla ya wiki ya kwanza kuisha.

## Msimu wa kupanda: maktaba ya mbegu

Watu huazima mbegu, wanapanda, wanavuna, na wakiweza wanarudisha mbegu za mavuno. Ni shughuli inayoleta watu ambao hawajawahi kuingia maktaba. Inahitaji uangalifu, kwa sababu mbegu mbaya inampotezea mtu msimu mzima.

Anza wiki 8 kabla ya kupanda, na mazao manne tu: maharage, njegere, nyanya na saladi. Maua yake hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mbegu inayorudi inafanana na ile iliyotoka. Maboga, matango na mahindi ni habari nyingine. Maboga na matango huchavushwa na wadudu, mahindi na upepo, na mchanganyiko na shamba la jirani hauepukiki. Wape watu mbegu hizo kama unazo, ila usipokee za kurudishwa. Mbegu chotara zenye alama ya F1 nazo hazirudi jinsi zilivyokuwa. Vipandikizi na mizizi visipokelewe kabisa, kwani hubeba magonjwa. Uliza pia sheria ya mbegu ya nchi yako kabla ya kuanza, maana baadhi ya nchi zina masharti juu ya kugawa mbegu.

Kila fungu lipimwe uotaji. Weka mbegu 10 kwenye karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, iingize kwenye mfuko usiofungwa kabisa, iache mahali pa joto la kawaida siku 7 hadi 10. Zikiota 8 au zaidi, fungu ni zuri. Zikiota 5 hadi 7, ligawe na uandike kwenye bahasha “panda kwa wingi”. Chini ya 5, tupa.

Pakia maharage 20 kwa bahasha, nyanya 25, saladi robo ya kijiko cha chai. Lebo iwe na zao, aina, mwezi na mwaka wa kuvunwa, matokeo ya uotaji, na wakati wa kupanda. Bahasha isiyo na mwaka haina thamani. Baada ya misimu miwili hutajua nini ni kipi.

Hifadhi kwenye chupa zenye kifuniko kinachobana, mahali penye giza, baridi na ukavu. Kila joto linapopungua kwa nyuzi 5 hivi, uhai wa mbegu huongezeka karibu maradufu. Fukuzi kwenye maharage humalizwa kwa kuziweka mbegu zilizokauka vizuri kwenye friza siku 4 ndani ya chupa iliyofungwa. Ukiitoa, usifungue chupa hadi ifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatonea juu ya mbegu. Mbegu ambazo hazijakauka usizigandishe: barafu huua kiini.

Usitegemee marejesho. Wengi watasahau, wengine watakula mbegu, na hilo lisiwe kosa la kutozwa faini. Panga kununua mbegu upya kila mwaka. Bahasha ziingizwe kwenye mfumo wa kuazimisha kama vitabu, ili zihesabike.

## Msimu wa mvua

Mahudhurio hushuka, kwa hiyo usiweke shughuli kubwa hapa. Weka kapeti la kufutia miguu, ndoo ya miavuli na mhudumu mwenye tambara mlangoni. Ni wakati mzuri wa kliniki ya vitabu: wasomaji wanaleta vya nyumbani, mnavikarabati pamoja kwa njia ya gundi na uzito iliyoelezwa juu. Watu 8 kwa kipindi wanatosha.

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huanza kuota kwenye vitabu. Acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta, na rafu ya chini iwe sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni. Kitabu kilicholowa kina takriban saa 48 kabla ya kuvu kuanza: kisimamishe wima kurasa zikiwa zimefunguka, weka karatasi za kunyonya katikati, uzibadilishe mara kwa mara, na feni ipulize chumba bila kukielekea kitabu. Vyenye karatasi ya kung'aa hugandana vikikauka, na havifunguki tena. Vitie kwenye friza upesi, utavishughulikia baadaye.

## Kuhesabu na kuweka kumbukumbu

Hesabu watu katikati ya shughuli, kwani mwanzoni wengine bado njiani na mwishoni wengine wameshaondoka. Watoto na watu wazima wahesabiwe mbali mbali. Andika pia kadi mpya za uanachama zilizotolewa siku hiyo na siku 7 zilizofuata, na vitabu vilivyoazimwa kutoka meza ya maonyesho. Takwimu hizi mbili husema ukweli kuliko ukubwa wa umati: tamasha la watu 200 lisiloacha hata kadi moja mpya liliwafurahisha watu, lakini halikuwaleta maktaba. Kwa programu ya likizo, ukimaliza na nusu ya walioandikishwa umefanya kazi nzuri. Angalia walioacha waliishia kisanduku cha ngapi. Ikiwa wengi ni kati ya 5 na 15, ongeza hatua ya zawadi hapo katikati mwaka ujao.

Ndani ya wiki moja, kabla kumbukumbu hazijachuja, jaza karatasi moja: kadi zilizochapishwa na zilizobaki, vitabu vilivyopotea, gundi na karatasi zilizotumika, wageni waliokuja na waliokwepa, saa ambayo ukumbi ulijaa. Iweke kwenye faili moja na nakala ya bango, fomu na barua ya shule. Mikasi, stika na mikeka viingie kwenye boksi moja lenye orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, pamoja na tarehe ya wiki ya 12 ya msimu unaofuata.